Jina Alilotukopesha Karani wa Sanduku

Shauri lile lote lilitugharimu kuku wawili watagao, mwana-mbuzi aliyekuwa hajaacha kunyonya, chupa ya mafuta ya mawese iliyojaa hadi shingoni, na kikwembe cha mama, kitenge ambacho kilikuwa hakijaonja maji ya kufulia hata mara moja. Nimehesabu na nimerudia kuhesabu, maana mimi ni mwana wa mwanamke aliyeuza kwanga, ile mikate ya muhogo, bandarini, na nyumbani kwetu kitu kilichohesabiwa mara moja kilikuwa bado hakijahesabiwa. Usingizi tulioupoteza sikuutia humo. Mali hiyo hatukumwozea mtu wala hatukumzikia mtu. Ilinunua jina tu: jina moja litoke na jingine liingie katika kinywa cha sanduku lililofungwa juu ya nguzo ya chuma, karibu na soko la Kindu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya moshi. Juzijuzi jirani yangu alikoka moto kwa kuni mbichi, akazimwagia mafuta machafu ya pikipiki ya mwanawe, na ule moshi ulipovuka ua na kuingia kwangu nilijikuta nimesimama katikati ya nyumba, mwiko mkononi, nikimngoja baba avue shati. Baba yuko kaburini siku nyingi. Pua haikuambiwa. Alikuwa mtia kuni wa mashua ya moshi iliyokuwa ikishuka Lualaba kutoka Kindu hadi Ubundu, ambapo enzi zile Wazungu walipaita kwa jina lao, na alirudi kutoka kila safari akinuka hivyo: kuni mbichi, mafuta ya mashine na jasho lililokaukia njiani.

Nyinyi mliokua pamoja nami mnalijua sanduku. Lilikuwa na mdomo mpana kama ua la boga, na chini yake palikuwa na kibanda cha matofali alimokaa karani wa serikali, Pilasidi. Alikuwa kijana wa upande wa Kabinda, hana mke, shati jeupe kila siku, na mashati yenyewe yalikuwa mawili, nilithibitisha kwenye kamba. Jua likianza kulegea alizungusha vifungo vyake, ngoma ikalia, kisha sauti ya mtu wa Leopoldville, mji tuliouita Leo kwa kifupi, ikaingia na kutuambia mambo ya kesho: mashua gani itafika, gari la moshi litaondoka lini, chanjo itachomwa wapi, kodi italipwa kabla ya mwezi gani. Baadaye zilifuata salamu. Ukitaka kumsalimu shangazi yako wa Kongolo, ulimwendea Pilasidi na yai au mkono wa ndizi, akaandika jina lako na la shangazi, akaituma barua, na baada ya majuma, wakati umekwisha kusahau, sanduku lilikutaja mbele ya watu wote. Kwa hiyo mtu yeyote wa Kindu angekuambia kwamba maneno ya sanduku yanatoka Leo, lakini mlango wake wa nyuma uko kwa Pilasidi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliona jinsi mgema akiwa juu ya mchikichi alivyouona moshi wa mashua kabla yetu sisi wa chini. Kwake yeye mashua imekwisha kufika; kwetu ni habari ya baadaye. Basi nikakata shauri kwamba mwenye ile sauti alikuwa amepanda mahali pa juu mno, huko Leo, na kutoka pale aliitazama kesho ikija kama mtu anavyoitazama mvua upande wa pili wa mto. Wala msinicheke. Mama yangu hakuwa na habari za mgema, lakini sanduku likisema mashua itafika kesho, alifunga kwanga zake jioni ileile, na sijamwona mama akifunga kwanga kwa ajili ya uwongo.

Kisha ukaja ule mchezo. Ulikuwa msimu wa kiangazi, maji yamepungua hata mchanga umetoa mgongo katikati ya mto, na mashua ilikuwa imefungwa ikingoja mvua. Baba alikuwa nyumbani, akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Mara moja kwa juma, salamu zikiisha, sauti ileile ya Leo ilianza kusema kwa jina la mtu mwingine: Fundi Kalume, mtengenezaji wa mashine, aliyechukua gurudumu la cherehani na matumbo ya saa kubwa, akaunda kiti cha kumpeleka kwenye siku ambazo hazijafika. Mke wake alimtukana, na wanawake wa soko wakamuunga mkono. Kalume akakaa, akakanyaga. Tukasikia saa nyingi zikigonga pamoja, filimbi ya gari la moshi, kisha kimya kirefu. Halafu akasema polepole, "Nimefika. Leo ya huku ni kesho yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja mwenye kofia ya msikitini alitema mate upande, akabaki palepale kusikiliza.

Juma la pili Kalume alituonyesha mji ambao nyumba zilipanda juu ya nyumba, taa iko hadi kwa maskini, na nahodha wa mashua ni mtu mweusi, anavuta kiko. Watu walicheka hapo, lakini walicheka wakitazamana, na askari wa site, ule mtaa wetu sisi weusi, aliinama kukagua viatu vyake. Baadaye sana niliambiwa kwamba Wazungu waliuruhusu mchezo ule ili tujifunze bidii: fanyeni kazi, na kesho yenu itakuwa hivi. Hawakuwa wafanyabiashara. Ukimwonyesha mtu bidhaa nzuri namna ile, atauliza inapatikana lini.

Juma la tatu Kalume alifika kando ya mto, akakuta watu wanalia. Mashua ya moshi imezama katika safari ya kwanza baada ya maji kupanda. Wengine wameogelea, ila aliyekuwa chini kwenye tanuri hakutoka. Kalume akauliza ni nani. Mwanamke mmoja akajibu ndani ya sanduku, sauti imekatika kwa kilio: "Ni Ramazani, mtia kuni." Kalume akaapa kwamba atarudi nyuma kuwaonya watu kabla siku ile haijafika. Filimbi ikalia, likaja gitaa, na mambo yakaishia hapo hadi juma lingine.

Baba yangu aliitwa Ramazani. Najua, ukitupa jiwe katika soko la Kindu litampiga Ramazani mmoja, liruke limpige mwenziwe. Lakini Ramazani watia kuni nilihesabu nikapata wawili, nikarudia nikapata mmoja, kwa kuwa yule wa pili alikuwa amehamia reli. Nilimtazama mama. Alikuwa na bakuli la karanga kichwani, na bakuli lilikuwa linatetemeka, yeye ambaye angeweza kuvuka mto kwa mtumbwi bila kulishika.

Nyumbani tulipomsimulia, baba alicheka hadi akakohoa. Akasema kuwa ametia kuni miaka yote hiyo na moto haujawahi kumuuliza jina.

"Moto hapana," mama akasema. "Maji njo inauliza."

Alimsihi aseme ni mgonjwa. Baba akamkumbusha kwamba kwa daktari msaidizi mgonjwa wa kwanza baada ya kiangazi hupewa kwinini na matusi, kisha hupelekwa kazini. Akamkumbusha kidole gumba chake kilichobanwa kwenye mkataba wa miaka mitatu. Mtu akiiacha mashua iondoke bila yeye, askari huja kumchukua, na katika gereza la Kindu kulikuwa na mabaharia wa kutosha kuendesha mashua nyingine. "Kesho ni ya Mungu, Mama Mwajuma," akasema. "Mutu wa Leo ameazima tu." Akalala. Sisi wawili hatukulala, kila mmoja akijifanya amelala kwa ajili ya mwenziwe.

Sisi watoto tulikuwa na fimbo tuliyoichomeka ukingoni kila kiangazi, tukashindana kubahatisha maji yatafika lini kwenye alama. Mwaka ule niliichukia fimbo ile. Mvua ilikuwa imeanza huko juu, kuelekea Kongolo, na kila asubuhi maji yalikuwa yamepanda kidole, yakiwa mekundu, yamebeba majani na magogo ya nchi za watu. Siku moja niliing'oa nikaipeleka juu zaidi ya ukingo. Mto haukudanganyika.

Tulikuwa bado na tumaini kwa Fundi Kalume. Juma la nne tulifika mapema, mama mbele kabisa. Kiti cha Kalume kikaharibika. Badala ya kurudi nyuma siku chache, kilimtupa hadi zamani za babu zetu, kwenye misafara ya pembe, na muda wote aliutumia kubishana na mwenye msafara aliyetaka kumtwisha mzigo. Watu walicheka sana, wazee zaidi, maana wengine baba zao walikuwa ndio hao wenye misafara. Mama hakucheka. Njiani alisema, kama anayezungumza na kibarua aliyechelewa, kwamba yule mtu amepotea njia, hajui hata anakokwenda, na maji hayamngoji. Kesho yake mchana alinipa kuku wawili niwabebe, akamfunga mwana-mbuzi kamba, tukaenda kwenye mlango wa nyuma wa sanduku.

Pilasidi alikuwa anakula. Mama alimuuliza habari za kwao, akamuuliza afya ya mama yake, akaketi.

"Karani, kuna jina moja iko ndani ya sanduku yako. Nataka itoke."

Karani alitabasamu, akaona mama hatabasamu, akaweka kijiko chini. Akaeleza vizuri sana, kwa upole. Mambo ya Kalume ni mchezo. Huko Leo watu wanaketi kuzunguka meza, wanasoma karatasi, mmoja anapiga debe ili iwe radi, na hakuna aliyekwenda popote. Mama alimsikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza bei ya kwanza.

"Kwa hiyo sanduku inasema uwongo."

"Sikusema hivyo, mama."

"Kodi ya mwaka huu ilisemwa na sauti ileile. Nayo njo muchezo? Nipite sokoni niwaambie watu, karani wa serikali amesema kodi ni muchezo?"

Pilasidi alichungulia barabarani. Askari wa site alikuwa akikaa ng'ambo ya pili, mlango wazi. Nakumbuka jinsi uso wa kijana yule ulivyokuwa ukitafuta pa kupita; akisema sanduku lina ukweli upande mmoja na hadithi upande mwingine, mwanamke huyu ataibeba nusu ya maneno hayo hadi sokoni, na sokoni nusu ndiyo huuzwa haraka.

"Sanduku haisemi uwongo," akasema chini kwa chini.

"Aa," mama akasema. "Basi tuongee bei."

Siku hizi naamini Pilasidi alikuwa akipandisha bei ili tukate tamaa twende zetu. Alisema kuku ni wa salamu, na hili si jambo la salamu. Mama akasogeza mbuzi. Akasema barua yenyewe italazimika kupita mikono mingi. Mama akatoa chupa ya mafuta kwenye kikapu, ambayo mimi sikujua kwamba tumekuja nayo. Akasema, akitazama ukuta, kwamba hata hivyo wakubwa wa Leo hawapendi kusumbuliwa. Maskini hakumjua mama. Kwake mtu anayepandisha bei ni mtu aliyekubali kuuza. Alisimama, akafungua kikwembe kipya mabegani, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya meza kando ya sahani ya karani. Pilasidi akakosa kingine cha kutaja. Akavuta karatasi, akachovya kalamu.

"Nimutoe Ramazani. Nimuweke nani?"

"Usimuweke muntu."

"Mama, mashua imezama. Kalume ameiona. Muntu iko ndani ya tanuri." Kalamu ilikuwa imesimama hewani, na nikatambua kwamba naye ameingia, ameketi humo pamoja nasi, ameisahau ile meza ya Leo na debe la radi. "Lazima aitwe jina."

Sijawahi kusahau muda ule. Mama akasema, weka Salehe. Nikamwambia Salehe ni mjomba, yule anayetuletea samaki wa kukausha kutoka Lokandu. Akasema, weka Musafiri. Musafiri alikuwa fundi wa nguo, tena mke wake alikuwa mjamzito. Akasema Kasongo, kisha mwenyewe akalirudisha, maana akina Kasongo hawana idadi. Tulijaribu majina ya watu wa Kailo, majina ya watu wa Pangi, na kila jina tuliloligusa lilikuwa na mtu ndani yake, mtu huyo ana mama. Nikasema, basi wekeni jina la Mzungu. Wote wawili wakatazama mlango. Karani akasema huko Leo hawatalisoma, na mama akanifinya paja bila kunitazama.

Nilimjua mama kama mtu mwenye jibu kwa kila bei duniani. Sasa alikaa mabega wazi, akiitazama ile karatasi nyeupe. Alitaka mume wake tu. Hakuja pale kuuza mume wa mtu mwingine.

Pilasidi akainama akaandika.

"Umeandika nani?" mama akauliza.

"Pilasidi."

"Pilasidi gani?"

"Hapa Kindu ni miye peke yangu." Alikausha wino kwa kupuliza. "Miye sipandi mashua, mama. Nilikuja na gari la moshi, nitarudi na gari la moshi. Maji itanitafuta hata itachoka."

Mama alimshukuru. Kisha akamshukuru tena. Tulipokuwa tunarudi nilingoja aanze, kama alivyozoea baada ya kila biashara, kunisimulia wapi alilegeza na wapi alikaza, ili nijifunze. Alinitangulia hadi nyumbani, amefunika mabega kwa viganja. Baba aliuliza mbuzi yuko wapi, akaambiwa ameuzwa.

Maji yakafika kwenye alama ya zamani, yakapita, yakaifunika fimbo yote huko juu nilikoihamishia. Pilasidi mwenyewe alizungusha vifungo jioni ile sauti ya Leo ilipotangaza mashua ya kwanza. Asubuhi ya safari bandari nzima ilikuwa na kelele za kiangazi kilichokwisha: kwanga, samaki, magunia ya mchele, wake wa wafanyakazi na magodoro yao. Baba alikuwa amekwisha kushuka kwenye tanuri, tunaona kichwa chake tu na moshi. Hapo nikaliona shati jeupe. Pilasidi alikuwa anapita katikati ya watu, godoro limekunjwa kichwani, sanduku la bati mkononi.

Mama alimfikia kabla yangu, akamshika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi, karani?"

"Ubundu. Wanaweka sanduku jipya, wananitaka huko." Alijaribu kucheka. "Barua ya serikali ilifika juzi. Haikuuliza kama napanda mashua ao hapana."

"Usipande."

"Nikikosa wananifunga, mama. Sawasawa na mume wako."

Akamuuliza ile barua nyingine, yetu, kama aliituma. Pilasidi akaitikia kwa kichwa: ilikuwa imekwenda na gari la moshi la juma lililopita. Mama aliuachia mkono wa shati polepole. Akakitazama kichwa cha baba kwenye moshi, akalitazama shati jeupe likipanda ubao, akarudi kwa baba. Alikuwa anahesabu, mimi nilimjua. Walikuwa wawili, na hesabu ile haikuwa na jibu ambalo angeweza kulibeba nyumbani. Mashua ikapiga honi, ikaelekea Ubundu.

Sanduku likanyamaza. Ufunguo wa kibanda ulikuwa kwa askari, na askari aliogopa vile vifungo kuliko alivyoogopa chui. Nyinyi wengine pengine hamjui mji unakuwaje sanduku likinyamaza baada ya kuzoeleka. Wanawake hawakujua wafunge kwanga lini. Zilifungwa mapema zikachacha. Mimi niliamini kwamba Pilasidi ameondoka na kesho ndani ya sanduku lake la bati, na kwamba siku zilizokuwa zikija sasa zilikuwa zinakuja zenyewe, bila kuonwa na mtu yeyote kwanza, na lolote linaweza kuwemo ndani yake. Nilikaa ukingoni hadi macho yakaniuma.

Mashua ikapita siku yake ya kurudi. Ikapita tena siku ya wale wasemao huenda imechelewa kupakia. Kisha akatokea mvuvi wa Lokandu na mtumbwi wa samaki, akatuambia aliyoyaona. Chini kidogo ya kwao, kwenye kona, mashua imelala ubavu juu ya mchanga, abiria wanapika ufukweni, na aliona mtu mmoja akibebwa na wenzake, hawezi kutembea au hayuko tena duniani. Mama akamuuliza amevaa nini. Mvuvi akasema alikuwa mbali. Mama akanunua samaki wake wote bila kuuliza bei. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Honi ilisikika siku ya soko, mchana. Mashua ilikuja imeinama kidogo kama mzee mwenye nyonga mbovu, na baba alikuwa amesimama juu kabisa ili tumwone, jambo ambalo mtia kuni haruhusiwi. Alipokanyaga nchi kavu mama alikuwa mbele yake.

"Na karani?"

"Nami nipo, Mama Mwajuma," baba akasema. "Unisalimie kwanza."

Alisimulia jioni, ameketi kwenye kigoda, na alisimulia bila kucheka. Mashua ilipoondoka tu Kindu, karani aliteremka kwenye tanuri na godoro lake. Baba akamwambia atachafuka. Karani akamweleza jambo lote, kuku, mbuzi, majina, na kwa nini ameshuka: ni afadhali majina yale mawili yakae mahali pamoja, ili maji yakija kutafuta moja, yapate taabu ya kuchagua. Baba alitaka kucheka, akamwona anavyotetemeka, akampa kigogo akae. Kwenye ile kona chini ya Lokandu gogo lililozama liliitoboa mashua ubavuni. Ikainama. Maji yakaingia hadi magotini, kuni zote za chini zikalowa, na nahodha alikuwa anapiga kelele juu apewe moto, apate nguvu ya kuipandisha kwenye mchanga kabla haijajaa. Kuni kavu zilikuwa juu ya rundo, upande uliokwisha kuinuka. Karani alipanda rundo lile na shati lake jeupe, akawa anazitupa, baba anazidaka na kuzitia. Bomba moja likapasuka, mvuke ukamchoma karani miguu yote miwili. Aliendelea kutupa. Mashua ikapanda mchanga, wakaiziba tundu, wakaendelea hadi Ubundu.

"Huyo aliyebebwa njo yeye," baba akasema. "Nilimuacha Ubundu, miguu imefungwa dawa, anawagombeza watu wanaochimba shimo la nguzo." Akavua shati lake. "Tulipotoka hapa sikujua kama nakwenda na mutu aliyekubali kufa pahali pa jina langu. Mungenieleza mapema ningalimupa hata chai hapa nyumbani."

Karani mwingine alikuja baadaye, sanduku likasema tena, lakini mchezo wa Fundi Kalume ulikuwa umekwisha bila sisi. Hakuna mtu wa Kindu aliyejua kama alirudi kuwaonya watu, wala mwanamke yule ufukweni alitaja jina gani mara ya mwisho. Pilasidi hatukumwona tena. Ukaja uhuru, zikaja na zile vurugu, watu wa kwao wakarudi kwao, au wakakusudia kurudi.

Kwetu, deni la namna ile halilipwi kwa kuku. Unampa mtoto wako jina la aliyekutendea, ili awe na mwenzake wa jina katika nyumba yako, na siku yoyote akipita apate pa kuketi. Mwaka uliofuata mama alizaa mvulana. Baba akataka aitwe Pilasidi. Kwamba sisi ni Waislamu hakuliona kuwa shida, akasema Mungu anasoma majina yote. Mama akakataa. "Jina ile iko njiani," akasema. "Barua ilikwenda, hatujui kama ilisomwa. Nimupe mutoto wangu jina ambayo maji ingali inaitafuta?" Mdogo wangu akaitwa Juma. Tangu siku hiyo, kila alipozaliwa mvulana katika ukoo wetu, baba alimtazama mama, na mama akajishughulisha na maji ya kumwogesha mtoto.

Sasa wote wawili hawapo, na mkubwa ni mimi. Mjukuu wangu atajifungua mwezi ujao. Hospitali wamemwambia ni mvulana. Mume wake anafanya kazi kwenye mashua za mbao zinazoshuka Ubundu na mizigo, zile zinazojazwa hadi maji yanalamba ukingo, na mtoto atakapokua, nani atamzuia kumfuata baba yake? Wamenijia kwa heshima, wakaniambia, bibi, jina ni lako. Kila nikiwaza kulisema nauona mkono wa mama ukiachia lile shati. Kila nikiwaza kulinyamazia namwona kijana wa watu juu ya rundo la kuni, hana hata mtoto mmoja duniani anayeitwa kama yeye.

Nimefanya biashara maisha yangu yote, na jambo hili sijui hata pa kuanzia bei. Nyinyi wenzangu mliokaa chini ya masanduku ya Kongolo, ya Kasongo, ya Stan, huenda mmoja wenu alisikia mwisho wa mchezo ule. Kama yuko, aniambie. Na msiosikia mnishauri hivyohivyo, kabla ya mwezi kuisha: nimwite mtoto huyu Pilasidi?